Mgonga Kauri

Habari ya mifupa aliileta Mama Vifungo, fundi cherehani wa chumba cha kwanza, asubuhi moja akiwa na pini tatu katikati ya midomo.

"Yule jirani yako," alisema, akamtupia Mama Kidoti jicho la pembeni, "ana mfuko wa mifupa chini ya kitanda."

"Mifupa ya nini, dada?"

"Niulize mimi? Nimeiona kwa macho yangu haya mawili, pazia lilipopeperuka. Myeupe, ina matundu matundu. Anautoa mmoja, anaugonga, halafu anauweka shavuni. Hivi." Akachukua kipande cha chaki ya kushonea, akakibandika kwenye taya. "Kama mtu anayepiga simu."

"Anampigia nani sasa?"

"Si wenye mifupa yao!"

Mama Kidoti alicheka mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akashtuka. Lakini jioni ile, mlio wa kugonga ulipoanza upande wa pili wa ukuta, ta, ukimya, ta, ukimya, aliacha kucheka, akasogeza sikio ukutani.

Uwanja wao ulikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, katikati sakafu ya saruji na bomba moja linalovuja. Mama Kidoti alikuwa na chumba cha mwisho. Mumewe alifanya kazi ya kumwaga lami kwenye barabara ya mbali, akija nyumbani mara moja kwa miezi miwili, amebadilika rangi na amechoka hata kusema. Siku nyingine zote alikuwa yeye na Kidoti, mtoto wa miezi tisa aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mdogo kama doa. Mtu akikaa hivyo, hana wa kuzungumza naye zaidi ya mtoto asiyejibu, huanza kusikiliza ukuta. Mama Kidoti aliusikiliza ukuta ule mpaka akaujua kuliko majirani wote.

Nyuma ya ukuta huo aliishi mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mkavu, aliyevaa koti la kazi la kijivu lenye vumbi jeupe kwenye mikunjo ya mikono. Alitoka kabla jua halijachomoza, akarudi saa kumi na moja jioni. Walimwita Bi Kimya. Unamsalimu mara ya kwanza, anapita. Mara ya pili, anapita. Mara ya tatu unajisalimu mwenyewe ili usiaibike.

"Anajiona yeye ndiye mwenye dunia, sisi tumepanga tu," Mama Vifungo alikuwa akisema.

Mama Kidoti hakubisha, ila alikuwa ameona mambo. Aliona kwamba ukimsalimu Bi Kimya kutoka nyuma hajibu, lakini ukisimama mbele yake anasema, "Marahaba, mwanangu," tena kwa upole, ingawa siku nyingine sauti ilitoka kubwa kama ya mtu anayeita ng'ambo. Aliona kwamba anatazama mdomo wa mtu, hatazami macho. Kidoti alipoota meno, akalia siku nne mfululizo, mpaka mpangaji wa chumba cha mbali kabisa akaja kuuliza kama mtoto anachinjwa, Bi Kimya anayetenganishwa nao na tofali moja tu hakusema neno. Mama Kidoti aliuchukulia huo kuwa wema. Alikusudia hata kwenda kumshukuru.

Kilichomchanganya ni simu. Kila Jumapili mchana simu ya Bi Kimya iliita, ikaita, ikachoka, ikaanza tena. Mwenyewe yumo ndani. Kiti kilisikika kikisogea. Lakini simu haikupokelewa hata siku moja. Mama Kidoti alikaa na mtoto mapajani akijiuliza ni moyo wa namna gani huo.

Jibu alilipata Jumamosi moja, alipokuwa akifua. Kidoti alikuwa amejua kutambaa, na alitambaa kama aliyetiwa betri. Mama yake aligeuka kukamua shati moja tu, alipogeuka tena saruji ilikuwa tupu. Mlango wa Bi Kimya ulikuwa wazi nusu.

"Hodi!" aliita. "Hodi, mama! Hodi humu ndani!"

Akaingiza mguu mmoja.

Bi Kimya alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni. Mbele yake, juu ya taulo lililotandikwa kitandani, vilipangwa vipande vyeupe vya ukubwa wa kipande cha mkate, unene wa vidole viwili, vimejaa vitundu kama sega la nyuki. Kidoti alikuwa nyuma ya kigoda kilekile, ameshika mfuniko wa sufuria, anaupiga sakafuni kwa nguvu zake zote. Kelele ile ilimuumiza Mama Kidoti masikio pale mlangoni. Bi Kimya hakugeuka. Alichukua kipande, akakiegemeza kwenye mfupa wa taya, akainamisha kichwa, akakigonga kwa kijiti.

Mama Kidoti alisimama pale, na mambo yote yakajipanga yenyewe: salamu, kilio cha meno, simu ya Jumapili. Akaona haya, kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Akazunguka taratibu mpaka mbele ya kitanda ili aonekane.

Bi Kimya aliruka. Kipande kilimponyoka, akakidaka hewani.

"Umeingia saa ngapi?"

"Nimepiga hodi, mama."

"Sikusi..." Akaishia hapo. Akafuata macho ya mgeni mpaka nyuma ya kigoda, akamwona mtoto na mfuniko unavyopanda na kushuka. Aliutazama mfuniko ule kwa muda mrefu.

Mama Kidoti alijigusa sikio, akaunda maneno kwa midomo, polepole. "Tangu lini?"

Bi Kimya aliinuka, akaenda kufunga mlango, akarudi kukaa.

"Huu mwaka wa tatu," alisema. "La kushoto lilitangulia. Nikajisemea, si neno, ninalo jingine. Kumbe nalo lilikuwa na wivu, likamfuata mwenzake." Akacheka peke yake, kicheko kikubwa kuliko alivyokusudia. "Unajua kiwandani wananiitaje? Wananiita Sikio. Haya, cheka."

Mama Kidoti hakuweza.

Tangu siku ile alianza kuyajua maisha ya yule mama, kidogo kidogo, kama mtu anayekusanya shanga chini ya kitanda. Bi Kimya alisema vizuri. Kilichomshinda ni kujibiwa. Ukitaka kumwuliza jambo unamkalia mbele, mwanga ukupige usoni, unasema bila kukimbia.

Alifanya kazi katika kiwanda kidogo kilichotengeneza vichujio vya kauri. Wanaoyeyusha chuma wakitaka kukimimina kwenye kalibu kipate umbo, wanakipitisha kwanza kwenye kichujio ili taka zibaki juu na chuma kishuke safi. Kichujio kinaanzia kwenye sponji, sponji hii hii ya kuoshea vyombo. Wanaichovya kwenye udongo mweupe uliokorogwa, wao wanauita uji, wanaikamua, wanaikausha, wanaitia kwenye tanuri. Humo sponji inaungua, inatoweka yote, na udongo unabaki umeshika umbo lake, vitundu kwa vitundu.

"Sasa hapo ndipo penye kazi," alisema Bi Kimya, akimwonyesha kipande kwa kucha. "Unaviona hivi vijiti vyembamba vilivyofumana? Kila kijiti ndani ni tupu. Sponji ilikuwa mle, imeungua, imeacha nafasi. Ukikibana hivi kinasagika kama mkate uliokauka. Chuma cha moto kitakivunja kabla hujasema hee."

Kwa hiyo walikiimarisha. Kulikuwa na pipa la maji mazito kidogo, meupe kama ya kuoshea mchele. Waliviweka vichujio mle, wakafunga mfuniko, wakainyonya hewa yote kwa pampu, na yale maji yakaingia kwa nguvu ndani ya vile vijiti vitupu. Vikitoka vinarudi kwenye tanuri. Mara moja tu, si zaidi. Ukichovya pungufu, kitavunjika. Ukizidisha, maji yanaziba vitundu vyenyewe.

Mwisho wa yote ilikuwa meza ya Bi Kimya. Kila kichujio kilishikwa pembeni kwa vidole viwili kikagongwa kwa kijiti. Kizima kinalia ting, sauti yenye mkia. Chenye ufa ndani, ufa usioonekana kwa jicho, kinasema tuk na kunyamaza.

Aliingia pale akiwa na miaka kumi na tisa, mfagiaji. Siku moja alikuwa akifagia nyuma ya mzee mkaguzi, akasema bila kufikiri, "Hicho kimepasuka," kabla mzee hajakiweka kando. Mzee akamgeuza uso ukutani, akagonga vipande ishirini. Binti akavitaja vyote sawasawa. Wiki iliyofuata alinyang'anywa ufagio, na mzee alipostaafu meza ikawa yake. Akaolewa, akafiwa, akamlea binti, akamwoza mbali. Katika hayo yote meza haikuhama.

"Na simu ya Jumapili?" Mama Kidoti aliuliza siku moja.

"Ni yeye, binti yangu. Naliona jina lake linawaka kwenye kioo." Bi Kimya alikuwa akikunja koti, akalikunjua, akalikunja upya. "Nikipokea nitamwambia nini? Yeye atasema mama, mimi nitasema haloo, haloo, haloo, kama punguani. Atajua palepale. Acha adhani nimenuna. Mtu aliyenuna bado ni mtu."

Masikio yalipokwisha aligundua taya. Akikiegemeza kichujio kwenye mfupa na kukigonga, mlio ulipanda kwenye meno, ukafika ndani mahali fulani. Si sauti hasa, alisema, ni kama habari ya sauti. Ndiyo maana kila jioni alileta nyumbani vipande vilivyowekwa kando, akajizoeza mpaka meno yakamuuma.

Mama Kidoti alipata njia ya kumwita: anagonga ukuta chini kabisa, pale kitanda cha mwenzake kilipogusa tofali, na Bi Kimya anauhisi mtetemo kwenye mbao. Jioni nyingine alimpa mtoto amshike huku yeye anamalizia kufua. Kidoti alipolia, Bi Kimya alimwekea kiganja mgongoni. "Hii ni hasira," alisema, "si njaa." Na kweli, njaa ilikuwa bado. Lakini jioni nyingi zaidi mlango ulibaki umefungwa, na kilichosikika ni ta, ukimya, ta.

Jumatano moja Bi Kimya alirudi mchana, saa nane, akapita uwanjani bila koti, akajifungia. Saa kumi na moja akaja mwanamume mmoja mpana kama mlango, mikono imepasukapasuka, myeupe mpaka kwenye viwiko. Mkononi alikuwa na lile koti la kijivu.

"Habari za hapa, shemeji. Sikio yupo?"

"Yupo, amepumzika. Wewe ni nani, nimwambie?"

"Mwambie Fundi Ndoo. Mimi ndiye mchovyaji." Akampa koti. "Leo kaondoka bila kuaga. Miaka kumi na tano sijamwona akitoka kabla ya king'ora. Mwambie asiumie juu yangu. Ijumaa si mwisho wa dunia, ni mwisho wangu mimi tu." Akacheka, kisha uso ukarudi mahali pake.

"Kuna nini Ijumaa?"

"Wananiachisha. Wale wateja wa chuma wamerudisha vichujio, shehena nzima. Wamemimina chuma, chuma kimekataa kupita! Kimesimama juu pale, kikaganda, kalibu zote zikaharibika. Msimamizi anasema nimechovya mara tatu badala ya moja. Mkono wangu mzito, sikatai, nikikusalimu unaweza kwenda kuuguza bega. Lakini kuchovya? Nachovya mara moja, shemeji. Nahesabu mpaka na pumzi."

"Umemweleza Bi... umemweleza Sikio?"

"Namweleza, ananitazama mdomo tu, machozi yanamlenga. Nadhani ananionea huruma." Alijikuna kiwiko, vumbi jeupe likadondoka. "Ni rafiki yangu yule. Nikitania kiwanda kizima kinacheka, yeye hacheki. Basi najua mzaha wangu ulikuwa mbovu."

Akaaga, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka ya kufika kwake. Mama Vifungo, aliyesikiliza yote akiwa amesimamisha cherehani, akauliza kwa sauti, "Eti mchovyaji wa nini? Wa mifupa?"

"Shona, dada," Mama Kidoti akamwambia. "Shona tu."

Akagonga ukuta chini. Mlango ukafunguliwa. Bi Kimya aliliona koti, akalipokea, akakaa nalo mapajani.

"Kasema nini?"

Mama Kidoti akamweleza, neno kwa neno, mwanga wa dirishani ukimpiga usoni. Alipofika kwenye Ijumaa, Bi Kimya aliinua mkono.

"Ni mimi."

"Wewe nini, mama?"

"Niliyechovya ni mimi." Alisema akilitazama koti. "Miezi minne iliyopita kipande nilichokipitisha kilivunjika ndani ya chuma. Hakuumia mtu, lakini angeweza kuumia. Tangu siku ile siviamini vidole vyangu wala meno yangu. Ndoo akienda kula, mimi ninabeba trei nzima za vile vinavyonitia shaka, ninavirudisha kwenye pipa. Mara ya pili. Vingine mara ya tatu. Na vinavyonitia shaka ni vyote, mwanangu. Nilitaka visivunjike tu, basi. Na kweli havivunjiki. Vimekuwa imara kama jiwe, na havipitishi kitu."

Kidoti alikuwa akitafuna mkono wa koti. Hakuna aliyemzuia.

"Kamwambie msimamizi," Mama Kidoti alisema.

"Nikimwambia nilichovya, ataniuliza kwa nini. Nikimwambia kwa nini, nitarudi hapa." Bi Kimya alikizungusha kidole hewani, kikaonyesha kitanda, kigoda, meza, dirisha. "Hapa, toka asubuhi. Wewe hujui saa za chumba hiki zilivyo ndefu. Pale mezani angalau watu wanapita mbele yangu, naona midomo yao ikicheza, najua kuna dunia."

Mama Kidoti alijua saa za chumba zilivyo ndefu, ila hakuona kama huo ulikuwa wakati wa kushindana.

"Lakini siwezi kumwacha Ndoo aende," Bi Kimya aliendelea. "Hilo ondoa. Nitasema nilichovya mimi. Ninachofikiria ni hayo masikio. Kama meno yangu yanatosha kweli, kama ninatenganisha kizima na kibovu, basi nitasema nilikosea kuchovya, niadhibiwe, nibaki na meza yangu. Sitakuwa nimemdanganya mtu. Kama hayatoshi..." Akamtazama mgeni wake mdomoni, ingawa haukuwa umesema kitu. "Kesho nitarudi na vipande. Vya ule mchovyo mmoja wa haki, sijavigonga bado. Wewe una masikio mazuri?"

"Nasikia mpaka panya wa Mama Vifungo."

"Basi."

Alhamisi jioni vipande vilikuwa kumi na kimoja. Bi Kimya alitandika taulo, akakaa, akaanza. Kila kimoja alikiweka kwenye taya, akafumba macho, akagonga. Mara nyingine aligonga mara tano. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mama Kidoti alikaa dirishani, mgongo umegeuka, vidole masikioni kama walivyokubaliana, mtoto amelala mapajani. Alipoguswa begani akageuka. Vipande saba vilikuwa kushoto, vinne kulia.

"Vizima hivi. Vibovu hivi," Bi Kimya alisema. "Shika pembeni, usikibane. Gonga katikati."

Mama Kidoti alimlaza mtoto kitandani, akachukua cha kwanza kushoto. Ting. Sauti ilikwenda mbali, ikaacha mkia mwembamba. Akatabasamu, naye Bi Kimya akaliona tabasamu, akashusha mabega kidogo. Cha pili, ting.

Cha tatu kilisema tuk.

Akagonga tena, kwa upole, kama anayekibembeleza. Tuk. Akainua macho. Bi Kimya alikuwa ameinama mbele, mikono katikati ya magoti, anamtazama mdomo. Mle chumbani mlikuwa na mtu mmoja tu aliyeweza kujua kipande kile kimesema nini. Neno moja lingetosha, kizima, wala halikuhitaji sauti. Mama Kidoti alifikiria meza ambayo haikuhama miaka yote ile. Akafikiria Jumatatu asubuhi, ukuta, na upande wa pili mtu aliyekaa tangu alfajiri anatazama kigoda. Ulimi wake ulikwisha kujiweka tayari.

Kisha akafikiria chuma cha moto, na mtu fulani asiyemjua amesimama karibu yake, na mke wa mtu huyo. Akakihamisha kipande upande wa kulia.

Bi Kimya alikifuata kipande kwa macho.

Cha nne, cha tano, vizima. Cha sita, tuk. Akakihamisha. Upande wa kulia viwili vililia ting, vyenye mkia mrefu kuliko vyote, akavirudisha kushoto. Alipomaliza, vinne kati ya kumi na kimoja vilikuwa vimebadilisha mahali.

Bi Kimya alikichukua kile cha tatu. Akakigeuza, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, hapana alama. Akakishika kwa mikono miwili na kukikunja kidogo tu, kama mtu anayemega mkate. Kikaachana vipande viwili bila kelele, na ndani ufa ulionekana, wa siku nyingi, umepita kutoka ukingo mpaka ukingo. Chembe nyeupe zikadondoka kwenye koti.

"Hiki," alisema, "ningekipitisha."

Akakaa na nusu moja mkono huu, nusu nyingine mkono ule. Nje cherehani ya Mama Vifungo iliunguruma, ikanyamaza, ikaunguruma. Mama Kidoti aliisikia, akajua mwenzake haisikii, na kwa mara ya kwanza akaona jinsi watu wawili wanavyoweza kukaa kwenye chumba kimoja na kila mmoja akawa chumba chake.

"Ungeweza kunidanganya," Bi Kimya alisema.

"Nilitaka, mama."

"Nilikuona." Akaziweka zile nusu mbili kwenye taulo, akazisogeza mpaka zikagusana, akaziacha hivyo. Akapangusa mikono kwenye magoti. Kisha akainua uso, na safari hii alimtazama Mama Kidoti machoni.

"Msimamizi wetu ana masharubu," alisema. "Mazito, yamefunika mdomo wote. Mwaka wa pili huu sijui anachosema, naitikia tu kwa kichwa. Kesho saa mbili nitaingia ofisini kwake. Kusema nitasema mwenyewe, yote, ya pipa na ya masikio, na Ndoo awepo. Wewe mbebe mtoto wako twende. Simama karibu naye, pale nitakapouona mdomo wako. Akijibu, niambie alivyojibu. Akitukana, nitukane vilevile. Akisema nitoke, sema toka. Nakuomba, mwanangu, usinipunguzie hata neno moja."